Namna Tulivyoutafuta Umri wa Shija

Wanangu mnaoingia sasa kwenye ustawi wa jamii, mtoto aliyekamatwa huwa ana njaa. Nalisema hili mapema kwa sababu chuoni hawalifundishi. Mtakabidhiwa fomu inayotaka jina, umri, elimu, hali ya wazazi na sababu za kutenda kosa, na kwa bidii yenu ya ujana mtaanza kuuliza swali la kwanza mpaka la mwisho. Atawajibu chochote ili mwondoke. Nendeni kwanza kwa mama ntilie wa nje ya kituo, nunueni chapati na chai ya maziwa, mkae naye mle wote. Nimefanya kazi hii Kahama, Bukombe na Geita mpaka kichwa kikawa cheupe, na taarifa zangu zote nzuri zilianza na chapati.

Wengi mnanijua kama Mama Mabula. Nimestaafu, nakaa Nyahanga, nafuga kuku na kugombana na majirani kuhusu kuku hao. Mkuu wenu wa sasa alikuja kwangu zamani akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, amevaa viatu vya visigino virefu, na siku ya kwanza nilimtembeza kwenye matope ya machimbo mpaka akavivua mwenyewe. Ndiye aliyeniomba niwaandikie jinsi tulivyoshughulika na watoto walioingia mikononi mwa sheria. Alisema mnahitaji uzoefu wangu. Sehemu kubwa ya uzoefu wangu ni makosa, kwa hiyo nitawasimulia kosa moja kubwa, na madogo yatajiingiza yenyewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bundala, mtu mfupi, mpole, mwenye baiskeli iliyosikika kabla haijaonekana. Alikuwa akisema mtoto wa huku usimuulize ana miaka mingapi. Ukimuuliza atakupa namba aliyoisikia mahali, au namba anayodhani unaitaka. Muulize nani alikuwa akimbeba mgongoni, na yeye alimbeba nani. Muulize alipoanza kuchunga alipewa ndama au ng'ombe wakubwa. Muulize yule anayemfuata amefika darasa la ngapi. Ukishawapata watu watatu wa nyumba ile wamesimama kwa mpangilio wao wa kuzaliwa, umri wa mtoto wako unauona hapo katikati. Mzee Bundala aliita hiyo kumrudisha mtoto kwenye mstari wake, na angeweza kutumia asubuhi nzima kwa mtoto mmoja, huku mimi nikitazama saa.

Mimi nilikuwa na haraka. Kijana mmoja alikamatwa Katoro na pikipiki ya watu, akaniambia kwa machozi ana miaka kumi na mitano. Alikuwa na sauti nyororo na mashavu laini. Nikaandika kumi na mitano, nikabishana na polisi kwa ukali mpaka wakaniogopa. Siku ya mahakama akaja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, na mwingine amemshika mkono, amevaa sare za shule, akaomba apewe nafasi ya kumpa chakula baba Anitha. Baba Anitha alikuwa ndiye mtoto wangu. Hakimu akanitazama juu ya miwani akasema, "Afisa, mtoto wako ana mtoto wa darasa la pili." Mahakama nzima ilicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee Bundala aliposikia alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akaninunulia soda.

Lile jambo lilinikaa. Tangu siku ile nikawa naogopa watu wazima wanaojifanya watoto. Niliwachunguza videvu, nikawatazama viganja, nikajiona nimekuwa hodari. Nilisahau kabisa kwamba huku kwenye dhahabu wapo watoto wanaojifanya watu wazima, na ni wengi zaidi, kwa sababu kazi inaanza ukishasema umefika kumi na nane.

Kwa ninyi mliotoka mbali, niwaeleze mwalo. Mwalo ni mahali wanapooshea dhahabu. Mawe yakishasagwa yakawa unga, unga unachanganywa na maji na kumwagwa kwenye ubao ulioinama uliotandikwa kitambaa kizito, mara nyingi blanketi kuukuu. Maji na matope yanapita, dhahabu inanasa kwenye manyoya ya blanketi. Ndiyo maana blanketi la mwalo, hata likichakaa likawa halitamaniki, mwenyewe halitupi. Hulichoma na kuosha majivu yake, na humo bado anapata chochote. Mtu asiyejua ataona tambara. Anayejua hulilinda kuliko godoro lake.

Binti mmoja alikamatwa kwenye njia ya kwenda Katoro akiwa na blanketi la mwalo ndani ya mfuko wa salfeti. Alikuwa ameajiriwa kwenye mwalo huohuo, kwanza kupika, kisha kuosha. Alisema anaitwa Neema, ana miaka kumi na tisa, na kwamba alilichukua blanketi kwa sababu alisikia baridi. Katika mfuko wake walikuta barua ya mwenyekiti wa kitongoji pale machimboni, yenye muhuri, inayomtambulisha kama Neema, mkazi, miaka kumi na tisa.

Polisi wakaniita nithibitishe umri. Nilifika mchana, nina mafaili mengine manne, na chapati sikununua. Nikamwona ni mrefu, ana mikono ya kazi, ananitazama machoni bila kuinamisha kichwa. Nikaisoma barua. Nikamkumbuka baba Anitha. Nikaandika kwamba mtuhumiwa ana miaka kumi na tisa, ni mtu mzima, nikatia sahihi na muhuri, na kazi yote haikufika robo saa. Sikuuliza alibebwa na nani. Gari la ofisi halikuwa na mafuta, hiyo ni kweli, lakini bodaboda zilikuwa zimepanga foleni nje na mimi nazijua njia zote za huko.

Kwa sahihi yangu akapelekwa mahakama ya kawaida, ya watu wazima. Akasomewa shtaka la wizi, akakiri palepale, akarudishwa rumande pamoja na wanawake wakubwa kusubiri adhabu baada ya wiki mbili. Wizi kwenye mialo ulikuwa umezidi, na mwezi uleule hakimu alikuwa amewafunga wanawake wawili kwa kosa kama hilo. Kila mtu alijua linaloelekea kumpata.

Mngeuliza kama mtoto angetendewa tofauti. Ndiyo, na ndiyo maana kazi yenu ipo. Mtoto hafungwi gerezani. Kesi yake husikilizwa faragha, hakimu bila joho, polisi bila sare, mzazi ameketi karibu naye na afisa ustawi yupo. Siku za mwanzo hatukuwa na chumba, tulitumia ofisi ya hakimu na viti vya kuazima. Kuna koplo mmoja alifika na sare, hakimu akamkatalia kuingia, akaenda kuazima shati la fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Lilikuwa na grisi mgongoni, naye alisimama kikakamavu kana kwamba amevaa suti. Mtoto aliyekuwa akilia alimtazama akatabasamu, na kesi ile ilikwenda vizuri sana.

Sasa nirudi kwa binti. Siku kama nne baada ya kukiri kwake, nilikwenda rumande ya wanawake kwa shughuli nyingine, mama mmoja aliyekuwa na kichanga. Ilikuwa siku ya kutembelewa. Mwanamke mmoja wa Bukombe, aliyemletea dada yake chakula, akaangaza macho uani, kisha akaita, "Shija! We Shija wa kwa Maria, umefuata nini huku?" Yule aliyejiita Neema aligeuza kichwa. Kisha akageuka upesi upande mwingine na kujifanya anakunja nguo.

Mimi ni Msukuma. Kwetu mapacha ni Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata tumboni mwa mama yuleyule ni Shija. Hilo jina mtu halichagui kwa kulipenda. Mtoto hulikuta linamsubiri. Nikajua hapohapo kwamba mbele ya binti huyu palikuwa na mapacha, na kuzaliwa kwa mapacha ukoo hausahau, kwa hiyo kuna mtu mahali fulani anayejua lini. Nikajua pia kwamba nilikuwa nimeandika karatasi bila kumuuliza mtu hata mmoja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikatoka, nikarudi na chapati nne. Tukakaa kwenye benchi. Alikula ya kwanza yote.

"Wewe ni Shija?"

"Mimi ni Neema."

"Kulwa na Doto wako wapi?"

Akatazama chapati. "Sikuwaona. Walikufa kabla sijazaliwa."

"Kwa hiyo una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na tisa."

"Na blanketi? Kweli ulisikia baridi?"

Akakata kipande kingine cha chapati. "Nilijua lina nini, mama. Mwenye mwalo alituahidi sehemu yetu, halafu akawa anatuzungusha. Nikasema nitajilipa mwenyewe."

Nataka mlisikie vizuri hilo. Shija aliiba. Mkitaka kuwatetea watoto kwa kuwaandika kama malaika, hakimu atawagundua siku ya pili na hatawaamini tena. Aliiba akijua anaiba, na bado alikuwa mtoto, na sheria imetungwa kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo. Nikamweleza yote hayo, kwamba akisema umri wake wa kweli hatafungwa, ila mzazi wake ataitwa. Nilidhani atafurahi. Akaiweka chapati kando.

"Mama, naomba usiende nyumbani."

"Kwa nini?"

"Mama anajua niko Ushirombo, kwa masista, najifunza cherehani. Anawaambia watu kanisani. Nikifungwa nitafungwa, nitatoka. Ila mama asije kukaa pale wakati naitwa mwizi. Niahidi."

Alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Nami, mtu mzima, mwenye vyeti, nikasema, "Sawa, sitamwita." Hilo likawa kosa la pili, na linaniuma kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa uvivu, na hili lilikuwa uongo. Nilijua wakati ninasema kwamba bila mama sitafika popote.

Hata hivyo nilijaribu kwanza bila mama yake. Yule mwanamke wa Bukombe alinitajia majina ya wazazi, parokia yao na shule aliyosoma binti, nikaanza na shule. Rejista ilikuwa na mwaka wa kuzaliwa, na kwa mwaka huo alikuwa ametimiza kumi na nane juzijuzi tu. Mwalimu wa zamani akaniambia kwa unyoofu kwamba mtoto aliletwa na jirani, hakuwa na kadi, akamkadiria kwa urefu. Nikampeleka Shija kwa daktari kwa kibali cha mahakama. Daktari akamtazama meno, akampiga picha ya mifupa ya mkono, akaandika kati ya kumi na sita na kumi na tisa. Alikuwa mwaminifu, na hakunisaidia. Msidhani mashine inamjua mtoto kuliko waliomlea. Siku hizi mna simu, mnatuma picha ya cheti kutoka kijijini mpaka wilayani mkiwa mmekaa, na mimi ninawaonea wivu. Lakini cheti lazima kwanza kiwepo.

Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya siku ya adhabu. Nikaenda parokiani kwao. Katekista, mzee mwenye subira, akafungua kitabu cha ubatizo na tukamtafuta Shija wa Maria na Joseph kuanzia miaka ishirini nyuma. Tulifunua kurasa mpaka vidole vikawa na vumbi. Hayumo. Katekista akasema huenda hawakuwa waumini. Nikamwambia mama yake anawaambia watu kanisani habari za masista, atakosaje kuwa muumini? Ndipo nikamsikia Mzee Bundala kichwani mwangu, marehemu kwa miaka mingi, akiniambia kwa upole kwamba bado ninamtafuta mtoto peke yake. Nikamwomba katekista tuanze upya, tutafute Kulwa na Doto.

Walikuwemo. Mistari miwili inayofuatana, majina ya wazazi Joseph na Maria, ubatizo wa dharura, umefanywa na sista muuguzi wa zahanati siku ileile waliyozaliwa. Pembeni kila mstari ulikuwa na msalaba mdogo wa kalamu. Siku waliyokufa ilikuwa ileile pia. Nikahesabu kwa vidole, kisha kwenye karatasi. Ilikuwa imepita miaka kumi na saba na miezi mitano. Mtoto aliyezaliwa baada ya hao, hata mama angeshika mimba mara moja, hawezi kuwa na miaka kumi na nane. Nililia pale mbele ya katekista. Sehemu ya machozi ilikuwa furaha, na sehemu ilikuwa wale watoto wawili.

Lakini kitabu hakisemi kwamba msichana wa rumande ndiye Shija wa nyumba ile. Wa kusema hivyo ni mmoja tu. Nikapanda bodaboda.

Mkifika kwa mzazi, wanangu, sentensi ya kwanza iwe "mwanao yuko hai." Akiona afisa mgeni anashuka kwenye pikipiki, moyo wake umeshakwenda kaburini. Salamu ndefu mtazifanya baadaye. Maria nilimkuta anapalilia mahindi, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Akaweka jembe chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shija yuko hai, mzima. Nimetoka kumwona."

Akakaa palepale kwenye tuta. Nikakaa naye. Nikamwambia yote, machimbo, blanketi, rumande, bila kupamba. Sikusikia kilio. Alipouliza swali, lilikuwa moja.

"Anakula?"

"Nimempa chapati. Anakula."

"Hapendi zenye mafuta mengi," akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Baba wa Shija alikuwa amehamia Katavi na ng'ombe miaka mingi nyuma na kuanza nyumba nyingine huko, kwa hiyo Maria alikuwa mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini Kulwa na Doto wamo kitabuni na Shija hayumo. Aliangalia mikono yake.

"Niliogopa kumwandika, mama. Wale wawili sista aliwaandika asubuhi, nikafurahi, nikasema sasa wana majina mpaka kanisani. Jua halijazama wote wamekwenda. Alipokuja huyu nikasema asiandikwe popote. Kliniki sikumpeleka. Padri alipopita nyumba kwa nyumba nilimficha jikoni. Shuleni alipelekwa na jirani, mimi sikutaka kuona wakimwandika. Nilidhani akikaa bila kuandikwa, kifo hakitajua kama yupo."

Nilikuwa nakaribia umri wa kustaafu na sikuwa nimewahi kusikia sababu hiyo. Nilikuwa nimezoea kuandika kwenye taarifa zangu maneno "mzazi hakuzingatia umuhimu wa cheti cha kuzaliwa." Nimeandika hivyo mara ngapi sijui. Nawaomba msiandike kabla ya kuuliza.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemfunga?" Maria akauliza.

"Hapana. Kumi na tisa niliiandika mimi."

Nilitegemea anitukane, na ningemwelewa. Akainuka, akajipangusa udongo, akasema anakwenda kubadili nguo.

Ofisini wenzangu walinishauri niandike kwamba "taarifa mpya zimepatikana." Ni maneno mazuri, hayamgusi mtu. Nikaandika kwamba nilikosea, kwamba sikwenda nyumbani kwa mtoto, na kwamba naomba mahakama isiitumie taarifa yangu ya kwanza. Nilifikiria pensheni. Hakimu aliisoma mbele yangu, akaikunja, akasema tu, "Kesho saa tatu, ofisini kwangu. Joho nitaliacha."

Kesho yake Shija aliletwa na askari wa kike aliyevaa gauni la kawaida. Nilikuwa nimempelekea kandambili, kwa sababu alikuwa peku tangu akamatwe. Akaingia, akamwona mama yake kwenye kiti, akasimama. Kisha akanigeukia mimi. Sikuweza kuyahimili macho yale, nikayashusha yangu kwenye faili.

Hakimu akamwomba Maria aeleze. Akaeleza akiwa amesimama, ingawa aliambiwa anaweza kukaa.

"Niliwazaa wawili, Mheshimiwa, kiangazi, tukivuna pamba. Kulwa alilia. Doto hakulia, alinitazama tu. Walikaa na mimi siku moja. Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, tukiwa tunapanda pamba, nikampata huyu. Ndiyo maana ni Shija. Ana miaka kumi na sita na miezi miwili."

"Una uhakika gani na miezi, mama? Hujamwandika mahali."

"Mheshimiwa, baada ya kuzika wawili, huyu nilimhesabu kila siku."

Mwendesha mashtaka alikuwa amekuja na maswali yake kwenye karatasi. Akaigeuza karatasi juu chini, akasema hana la kuuliza. Hakimu akamgeukia binti.

"Uliniambia mahakamani una miaka kumi na tisa. Polisi pia uliwaambia hivyo. Leo nakuuliza tena, na mama yako yuko hapa. Una miaka mingapi?"

Shija alikuwa ameushikilia ule umri tangu akamatwe kwa nguvu zake zote. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa bado amesimama, mikono imekunja ncha ya khanga.

"Sijui, Mheshimiwa," akasema. "Mama ndiye anayejua."

Akaenda kumkumbatia bila kuomba ruhusa. Askari alinyanyuka amzuie, hakimu akamwashiria kwa mkono akae. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mrefu kuliko mama yake kwa kichwa kizima, na pale hakuna ambaye angemwona wa miaka kumi na tisa.

Kule kukiri kwake kukawekwa kando, kesi ikaanza upya kama ya mtoto, akaeleza mwenyewe alichofanya na kwa nini. Mwenye mwalo alisharudishiwa blanketi lake na alishalichoma. Hakimu akaamuru Shija arudi nyumbani chini ya uangalizi wangu kwa mwaka mmoja, aje ofisini kila baada ya wiki mbili, na kwamba suala la malipo yake na la mtu aliyemwajiri mtoto lifuatiliwe kwa njia yake.

Tulipotoka kwenye korido nikamwambia Shija, "Nilikuahidi nisimwite mama yako, nikavunja. Naomba unisamehe." Aliendelea kujifuta uso kwa khanga ya mama yake.

"Ungesema tu kwamba utamwita," akasema. "Ningekasirika, lakini ningekuwa najua."

Sina la kuongeza hapo. Tangu siku ile sijamwahidi mtoto jambo nisiloweza kulifanya.

Ilibaki fomu ya uangalizi. Nikaiweka kwenye dirisha la karani, nikatoa kalamu, na ndipo nikakumbuka Maria yupo. Nikaifunika fomu kwa kiganja. Nikamweleza kwamba bila karatasi hii mtoto hawezi kutoka, lakini kama anaona vigumu, anaweza kusubiri nje nikaijaza mimi na Shija.

Aliutazama mlango, akamtazama binti yake.

"Umemwandika jina gani huko?"

"Bado. Kwenye faili la zamani ni Neema."

"Huyo simjui." Akasogea karibu na dirisha. "Andika Shija. Andika na jina la baba yake, na mimi mama yake, na miaka kumi na sita na miezi miwili. Nitasimama hapa unapoandika."

Nikaandika polepole, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Alikuwa amemshika Shija mkono kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, na hakumwachia mpaka nilipoweka kalamu chini na wote watatu tukaona kwamba mtoto bado yupo.